Kikwembe cha Sura: Geuza, Tazama Pindo

Inakera kusikia kikwembe cha polista kikisifiwa katika sherehe za Kasongo eti ni cha enzi za Zaire, kwa sababu tu kina Mobutu na kofia yake ya chui. Sura si ushahidi. Ndiyo kitu cha kwanza kuigwa, na ndiyo rahisi kuliko vyote.

Kwa nyumba zisizo na televisheni, kikwembe ndicho kilichomleta rais mlangoni. Wenye televisheni walimwona kila jioni akishuka kutoka mawinguni kabla ya taarifa ya habari. Wengine walimwona mgongoni mwa mama anayekwenda sokoni. Ndiyo maana vitambaa hivi vina thamani, na ndiyo maana vinastahili kukaguliwa kwa makini.

Anza na maandishi. Nchi iliitwa Zaire kuanzia Oktoba 1971 hadi Mei 1997, na Joseph-Désiré Mobutu akawa Mobutu Sese Seko mwaka 1972. Kitambaa kinachotaja Zaire pamoja na mwaka 1970 kirudishwe kwa mwenyewe bila mjadala.

Lakini kinachowapita wengi ni pindo la kiwanda. Mnunuzi mgeni hukodolea macho uso na kusifu rangi. Mjuzi hukipindua kitambaa na kufuata ukingo kwa kidole gumba. Ukingo halisi umefumwa ukashikana, nyuzi zinakwenda na kurudi, wala hauchakai upesi. Hapo ndipo kiwanda kiliandika jina lake kwa herufi ndogo: UTEXLEO, baadaye UTEXAFRICA, au SOTEXKI ya Kisangani. Herufi hizo zimezama ndani ya pamba kwa wino uleule wa nguo. Za bandia hukaa juu juu, na ukingo wake mara nyingi umekatwa kwa moto, ukawa mgumu. Tatizo ni kwamba fundi akishona huwa amekata pindo au amelificha ndani. Basi omba ruhusa, fumua mishono michache ya chini. Ndani ya mkunjo kuna zawadi nyingine: rangi ambayo jua halikuifikia, yaani rangi ya siku ile nguo ilipotoka dukani.

Wadanganyifu wanalijua hilo nusu tu. Huchovya kitambaa kipya katika chai ya rangi ili kionekane kikuukuu. Chai hupaka kila mahali sawasawa, mpaka ndani ya mkunjo. Nguo iliyokaa miaka sandukuni hufifia kwenye mistari ya kukunjwa. Bado una shaka? Choma uzi mmoja: pamba huacha jivu laini, polista huyeyuka ikawa kidonge.

Waksi haifai kwa sura. Kwa maua na ndege haina mpinzani, lakini kwenye uso wa mtu mipasuko ya nta huvunja pua. Vikwembe vya Kanisa navyo hudumu kuliko vya chama cha Mobutu, maana huvaliwa sikukuu tu: vya kutafutwa ni vya ziara za Papa Yohane Paulo wa Pili, mwaka 1980 na tena Agosti 1985, alipomtangaza mtawa Anuarite kuwa mwenyeheri.

Kisha mshono. Mafundi wa zamani wa cherehani za miguu walikitandaza kitambaa chote mezani kabla ya kugusa mkasi, wakauweka uso katikati ya kifua au mgongo, na mshono haukupita puani. Leo mkasi unatangulia, na mheshimiwa anaishia makalioni. Gauni la namna hiyo limeharibika, hata kama kitambaa ni halali kabisa.

Yadi 6 ambazo hazijakatwa, zenye kingo zote mbili, zilipiwe bei ya juu. Gauni lililoshonwa vizuri na lenye pindo lililofichwa ndani lifuate. Kilichokosa pindo pande zote mbili kilipiwe bei ya nguo ya kuvaa, hata muuzaji aape vipi.