Ufundi wa Kukiingiza Kishikwambi Mtandaoni

Kishikwambi kipya kikigoma kuingia kwenye mtandao usio na waya wa chuo, mara nyingi si kibovu, na mtandao nao ni mzima. Kuna jambo dogo ambalo havijaelewana, na kulitafuta jambo hilo ni ufundi wenye utaratibu wake. Hauna karakana wala kifaa cha kushika mkononi. Mali yake ni masikio, subira na kujua swali lipi litangulie. Unazidi kuwa adimu, maana siku hizi mwenye shida huambiwa "zima uwashe" kabla hajamaliza kueleza.

Vyuo vikuu ndivyo vilivyotangulia katika mambo haya. Chuo Kikuu cha Hawaii kilianza kurusha data kwa redio kati ya visiwa mwaka 1971, na Carnegie Mellon cha Pittsburgh kikaanza mwaka 1993 kujenga mtandao wa namna hiyo katika eneo lake. Mwaka 2002 Klaas Wierenga wa Uholanzi akatoa wazo lililozaa eduroam: mwanachuo apokewe katika chuo chochote mwanachama kwa jina na nywila ya kwao. Nchini Kenya mtandao huo unasimamiwa na KENET, Uganda na RENU. Mwanafunzi wa Kampala akiwasha kishikwambi chake Nairobi, seva ya Nairobi hutazama kilichoandikwa baada ya alama ya @, hupeleka swali nyumbani kwao, kisha hungoja jibu: ni wetu, au hatumjui. Nywila yenyewe mwenyeji haioni.

Fundi anayeujua mwendo huo huanza kwa kuuliza. Ni kishikwambi hiki tu, au na simu ya jirani imegoma? Ni maktaba tu, au hata bwenini? Majibu mawili hayo huondoa nusu ya dhana. Hapo ndipo huomba kuona jina lilivyoandikwa. Anayeandika namba ya usajili peke yake, bila @ na jina la chuo, huenda akapita nyumbani, lakini ugenini atakwama, kwa sababu swali lake halina pa kupelekwa. Na wako walioandika kila herufi sawasawa wakakataliwa. Kibodi ya kishikwambi, kwa ukarimu wake, hujaza neno kabla halijakamilika na kuacha nafasi tupu baada yake. Nafasi hiyo haionekani, lakini kwa seva ni herufi kamili, na jina lenye nafasi mwishoni ni jina la mtu mwingine. Fundi mzuri hugusa mwisho wa jina, akatazama kijistari kinachometameta kimesimama wapi, akafuta. Hakuna kilichoharibika, na hakuna kilichohitaji kufutwa zaidi ya hapo.

Saa nayo hudharauliwa mno. Seva ya chuo hujitambulisha kwa cheti cha usalama chenye tarehe ya kuanza na ya kuisha. Kishikwambi kilichokaa kwenye boksi hadi betri ikaisha kinaweza kuamka na tarehe ya zamani, kikakiona cheti halali kuwa hakijaanza kutumika. Ujumbe unaotokea kwenye kioo hautaji saa hata kidogo. Husema tu kwamba imeshindikana kuunganisha.

Kwenye cheti hicho ndipo ulipuaji wa kazi ulipozoeleka. Kwa miaka mingi watumiaji wa Android walielekezwa wachague "Usithibitishe" na waendelee. Walipita, ndiyo, lakini kwa kukubali kumpa nywila yeyote atakayeuita mtandao wake eduroam, hata aliyeketi kwenye gari nje ya geti. Mwishoni mwa 2020, Android 11 ilianza kuliondoa chaguo hilo, na maelekezo ya vyuo vingi yakafa nalo. Anayejua kazi hutumia programu ya geteduroam pale chuo kilipoiandaa, au huchagua cheti sahihi na kuandika jina la seva kwa mkono. Ni dakika chache zaidi, wala hazina sifa yoyote, kwani mwenye kifaa haoni tofauti.

Yaliyobaki ni mepesi. Ofisi ikiwa imesajili anwani ya kifaa iliyochapwa kwenye boksi, kishikwambi cha leo huonyesha anwani bandia badala yake, hivyo mpangilio wa anwani hiyo bandia uzimwe kwa mtandao wa chuo pekee. iPad ikionyesha anwani ya IP inayoanza na 169.254, jina na nywila visiguswe tena: imeshaingia, ila haijapewa anwani, na hilo ni la wasimamizi wa mtandao.

Kazi hufungwa kwa mwenye kishikwambi kukisahaulisha mtandao na kuuingia upya mwenyewe, kisha kujaribu katika jengo la pili. Hatua hii ndiyo iliyotupwa kwanza foleni ziliporefuka, na ndiyo maana watu walewale hurudi kila muhula na shida ileile, au hukata tamaa na kula bando la simu zao. Kwa vyuo ambavyo bado vina karatasi ukutani inayosema "Usithibitishe", ibanduliwe leo.