Nani Atachota Maji Liyongo Akifa?

Tuanze na kisima. Fumo Liyongo ameshachomwa sindano ya shaba kitovuni na mwanawe mwenyewe. Anajikokota hadi kisimani, anapiga goti, anatega mshale kwenye upinde, anakufa vilevile amepiga goti. Watu wanamwona kwa mbali, wanadhani yu hai, hawathubutu kusogea. Mji unakosa maji. Ndipo anapoitwa mama yake aje ambembeleze. Yaani mji uliomuua unamtuma mama wa marehemu autafutie maji!

Utenzi wa Muhamadi Kijumwa tunausoma kwa ajili ya Liyongo, nguvu zake na usaliti wa mwana. Kisima tunakipita tu. Ila ukiniuliza fantasia ya kifeministi ya Kiswahili ianzie wapi, nitakuonyesha pale, kwenye foleni ya ndoo tupu.

Nasema hivi kwa sababu ya miswada. Hapa Kaloleni (ya Arusha, si ile ya Kilifi) waandishi vijana, wengi wao wasichana, huniletea fantasia zao nizisome. Zina ari, tena sana. Lakini shujaa ni yuleyule: binti mwenye upanga, ana hasira, anaangusha wanaume kumi, anakalia kiti cha enzi, na Mlima Meru unafuka moshi nyuma yake. Sasa jamani, lugha yetu haina kiwakilishi cha mume wala cha mke. “Alimpiga” ni alimpiga. Basi jaribu hivi: badilisha jina la shujaa, umpe la kiume. Kama hakuna sentensi nyingine inayolazimika kubadilika, hujaandika utendi wa mwanamke. Umemvisha binti mwili wa Liyongo.

Mtazame Saada, mjakazi. Liyongo yuko gerezani, anaagiza kwa wimbo aokewe mkate wa wishwa wenye tupa ndani. Walinzi wanakula vile vizuri, wishwa wanaudharau, unamfikia mfungwa. Mpango mzima umesimama juu ya jiko na dharau. Saada anapita kwa sababu hakuna anayemhesabu kuwa mtu, na hiyo ni nguvu ya ajabu kuliko upanga. Liyongo akishakata minyororo tunatoka naye, Saada hatumfuati. Hapo pana riwaya ya kurasa mia tatu, imekaa tu.

Penina Muhando aliliona jambo hili mapema. Katika Nguzo Mama (1982), wanawake wa Patata wanahangaika kuisimamisha nguzo, na haisimami. Wengi tuliisoma kama tamthilia ya kujibia mtihani, lakini nguzo ile ni kitu cha fantasia kabisa, na uzito wake wanaubeba wengi, si shujaa mmoja. Lawama yangu ni moja: wahusika kuitwa Bi Pili, Bi Tatu, kunawafanya wawe hoja kabla hawajawa watu. Huko Marekani, Ursula Le Guin naye aliirudia Earthsea mwaka 1990 kwa kitabu cha Tehanu. Shujaa ni mjane wa shambani, mchawi mkuu karudi bila uchawi, na swali la nani ataosha vyombo linakuwa zito kama la nani atatawala.

Kwetu malighafi ipo. Mwaka 1951 serikali ya kikoloni iliwafukuza Wameru Engare Nanyuki ili ardhi wapewe walowezi, na mwaka uliofuata Kirilo Japhet akalifikisha shauri hilo Umoja wa Mataifa. Safari ndefu, baraza la mbali: huo ni utendi tayari. Anayetaka kuugeuza fantasia, namwomba asimbadilishe Kirilo jinsia akadhani kamaliza kazi. Akae kwanza na waliobaki, aulize moto wa kwanza waliuwasha wapi, na nani aliukoka.

Muswada nilionao mezani sasa una binti ambaye kila akitumia uchawi, mtu mmoja nyumbani kwao anaugua, na kuna dada yake anayewauguza wote. Mwandishi wake anataka kuzifuta kurasa za dada, eti zinachelewesha vita. Nimemwandikia pembeni kwa kalamu nyekundu: vita visubiri.