Pikipiki Iliyolala: Yanayokaguliwa Kabla ya Kupiga Kiki

Mnunuzi akioneshwa pikipiki ya zamani iliyolala miaka mingi, mara nyingi mguu wake huwahi kwenye kiki kabla jicho halijatazama kitu kingine. Injini ikizunguka, anatabasamu na kuanza kutaja bei. Ikiwa imekwama, anafuta vumbi mikononi na kuaga. Kwa Honda CG125 za miaka ya 1970 na 1980, uamuzi wa namna hiyo ni wa haraka mno. Injini iliyokwama inaweza kuwa sehemu nyepesi kuliko zote kufufua, na injini inayonguruma inaweza kuwa imefungwa kwenye fremu isiyo na karatasi, isiyo na namba inayosomeka, na isiyonyooka.

Iguguno, katika Wilaya ya Mkalama mkoani Singida, ni mahali pazuri pa kulichambua jambo hili. Mji huu mdogo uko kwenye barabara kuu ya kutoka Singida kwenda Nzega, na kama ilivyo kwa miji yote ya barabarani siku hizi, bodaboda ndizo miguu yake: zinabeba abiria, magunia ya alizeti, vitunguu na kuku. Palipo na bodaboda pana fundi, na palipo na fundi pana duka la spea au njia ya kuagiza spea kutoka Singida mjini. Jambo hilo linabadilisha kabisa hesabu ya mtu anayetaka kufufua pikipiki iliyokuwa ya bwana shamba, ya mwalimu, ya misheni au ya mradi uliokwisha zamani.

Sababu iko ndani ya injini yenyewe. Kabla ya CG125 kuingia sokoni mwaka 1976, Honda ilikuwa ikiuza katika nchi zinazoendelea pikipiki za CB125, ambazo kemshafti yake, yaani mhimili unaofungua valvu, iko juu kabisa, kichwani mwa silinda. Wahandisi wa kampuni hiyo walipozunguka kuwatembelea wanunuzi, walikuta oili haibadilishwi kwa wakati na kichujio cha hewa kikijaa vumbi kinatolewa na kutupwa. Kemshafti iliyo juu ndiyo ya kwanza kuumia oili ikipungua au ikichakaa. Basi wakabuni injini nyingine ya sentimita za ujazo 124. Kemshafti wakaishusha chini, karibu na oili, wakaizungusha kwa gia badala ya mnyororo, na valvu zikawa zinasukumwa kwa vijiti viwili virefu. Kemu yenyewe ni moja tu, nayo inahudumia valvu zote mbili. Mnyororo wa nyuma ukafunikwa wote kwa bati ili vumbi lisiufikie.

Injini hiyo ilinakiliwa sana nchini China. Mtu akiinama pembeni mwa bodaboda nyingi za Kichina zilizoegeshwa kijiweni, ataona maandishi 156FMI kwenye ubavu wa injini. Namba 1 ni idadi ya silinda, 56 ni kipenyo cha silinda kwa milimita, na herufi zinazofuata zinaeleza kwamba inapozwa kwa hewa na iko katika daraja la 125. Kipenyo cha CG125 ya Japani ni milimita 56.5, na pistoni inasafiri milimita 49.5. Kwa maneno mengine, bodaboda inayopita mbele ya duka ni mjukuu wa pikipiki iliyolala nyuma ya ghala, na spea za mjukuu kwa sehemu kubwa zinamtosha babu.

Historia ya pikipiki ina mfano mwingine wa aina hiyo. DKW ya Ujerumani ilitoa RT 125 mwaka 1939. Baada ya vita kuu ya pili mchoro wake ukachukuliwa na washindi: Uingereza ikatoa BSA Bantam mwaka 1948, Marekani na Urusi zikatoa za kwao, na hata pikipiki ya kwanza kabisa ya Yamaha, YA-1 ya mwaka 1955, ilifuata mchoro huohuo. Wanaofufua Bantam leo wanafaidi wingi huo, kwa sababu mashine iliyozaliwa kwa maelfu mengi haiishiwi vipuri upesi. CG125 nayo imeendelea kuzaliwa nje ya Japani, katika nchi kama Brazili na Pakistan.

Kutokana na hayo, ukaguzi wenye akili unaanza kwa kugawa pikipiki katika mafungu mawili. Fungu la kwanza ni vitu ambavyo duka la bodaboda linauza: pistoni, ringi, silinda, valvu, sahani za klachi, kabureta, plagi, mnyororo na sproketi, tairi, tyubu, nyaya za breki, beringi za magurudumu. Kasoro yoyote hapo inapunguza bei, haivunji biashara. Fungu la pili ni vitu ambavyo hakuna duka linaloviuza: kadi ya usajili, fremu na namba yake, kasha la injini, tangi la asili, na vipande vidogo vya mwonekano kama saa ya mwendo, vifuniko vya ubavuni na bati la mnyororo. Kasoro katika fungu la pili ndiyo inayoamua kama kuna cha kununua au hakuna.

Karatasi zinatangulia kila kitu. Pikipiki iliyosimama muda mrefu huenda bado ina namba za mfumo wa zamani, kabla ya hizi zinazoanza na MC, na huenda haikuwahi kuhamishiwa kwenye kumbukumbu za sasa za Mamlaka ya Mapato. Mwenye jina kwenye kadi akiwa amefariki, mtoto anayeuza hana budi kuwa na barua ya usimamizi wa mirathi kutoka mahakamani. Neno lake peke yake, hata likiwa la kweli, halihamishi umiliki. Pikipiki za miradi ya wafadhili, zilizokuwa zikibeba namba za DFP, zina swali la ziada: ziliingia nchini kwa msamaha wa kodi, kwa hiyo lazima uwepo uthibitisho kwamba kodi ililipwa zilipouzwa kwa mtu binafsi. Maswali haya yanaulizwa kwa adabu. Mzee anaamkiwa, anaachwa aeleze historia ya chombo chake, kisha kadi inaombwa itazamwe mwangani.

Baada ya kadi, namba. Kwenye CG125 namba ya fremu imegongwa shingoni, pale usukani unapopita, na ya injini iko kwenye kasha la injini. Namba ya injini ya Honda inaanza na CG125E. Mkaguzi hufuta vumbi kwa kitambaa chenye mafuta ya taa, hasugui kwa msasa wala tindo. Herufi ziwe na kina kinacholingana na mstari ulionyooka. Zikiwa zimepinda, zimezungukwa na alama za jiwe la kusagia au zimefunikwa rangi nzito, biashara isimame hapo. Kasha likisomeka 156FMI, maana yake injini ya Japani iliondoka na hii ni ya kuazima. Si dhambi, ila bei ishuke, na kadi ioneshe mabadiliko hayo.

Fremu inapimwa kwa kamba. Pikipiki inasimamishwa wima, usukani ukiwa umenyooka, kisha kamba inavutwa kutoka tairi la nyuma hadi la mbele, kila upande. Kwa kuwa tairi la mbele ni jembamba, litaacha nafasi ndogo kati yake na kamba. Nafasi hiyo ilingane pande zote mbili. Isipolingana, shokapu za mbele au fremu imepinda. Baada ya hapo gurudumu la mbele linainuliwa na usukani kuzungushwa polepole: ukinasa katikati, beringi za shingo zimebonyea, jambo linalorekebishika. Chini ya shingo na kwenye maungio ya uma wa nyuma hutafutwa nyufa na alama za kuchomelea. Pikipiki za vijijini zimebeba magunia maisha yao yote, na chuma hukumbuka kila gunia.

Tangi linahitaji tochi na sumaku. Tochi inaonesha ndani: kutu nyepesi ya rangi ya chungwa husafishika, lakini maganda mazito yanayodondoka huashiria bati lililokonda. Sumaku iliyofungwa kwenye kitambaa laini inapitishwa nje. Pale isiposhika, chini ya rangi kuna bodi fila na si chuma. Hapa hali ya hewa ya Singida inamsaidia mnunuzi. Mvua ni za msimu mmoja, takriban Novemba hadi Aprili, na miezi iliyobaki ni mikavu, kwa hiyo chuma huoza taratibu kuliko pwani ya Dar es Salaam au Tanga. Jua nalo lina deni lake: mipira, mabomba ya petroli, sili na tairi hukauka na kupasuka, na plastiki hupauka mpaka ikavunjika ikishikwa. Hayo yote ni ya fungu la kwanza, isipokuwa plastiki za asili.

Sasa injini, na bado kiki haiguswi. Plagi inafunguliwa kwanza. Kijiko cha oili kinamiminwa kwenye tundu lake, gia ya juu kabisa inaingizwa, na gurudumu la nyuma linasukumwa mbele na nyuma kwa mkono. Njia hii inaizungusha injini kwa upole. Kupiga kiki kwa nguvu kwenye injini iliyokwama kunaweza kuvunja meno ya gia ya kiki na kuongeza gharama ambayo haikuwepo. Ikisogea hata kidogo, kuna matumaini makubwa. Isiposogea, huenda ringi zimeshikwa na kutu ukutani mwa silinda. Kukwama kwa aina hiyo mara nyingi huachia kwa oili na siku kadhaa za subira, na hata silinda ikiwa imeliwa, ya kipenyo hichohicho ipo dukani. Anayetaka kubaki na silinda ya asili anaweza kuichonga, kwa kuwa pistoni za saizi ya kuongezea hupanda kwa robo milimita hadi milimita moja nzima. La muhimu ni kujua imeshachongwa mara ngapi.

Injini ikizunguka, tundu la plagi linazibwa kwa kidole gumba wakati mtu mwingine akikanyaga kiki taratibu. Kidole kisukumwe kwa nguvu. Kisiposukumwa, kiasi kidogo cha oili kinaongezwa na jaribio linarudiwa: nguvu ikiongezeka, ringi ndizo zimechoka, isipoongezeka, valvu ndizo zinazovuja.

Oili inasema mengi. Kijiti cha kupimia kikitoka na rangi ya maziwa, maji yaliingia. Mwenye pikipiki akikubali kifuniko cha kulia kifunguliwe, kuna ushahidi mzuri zaidi. CG125 haina kichujio cha oili cha karatasi. Ina chujio la waya na kikombe kinachozunguka mwishoni mwa krenki, ambacho hutupa uchafu ukutani kwa nguvu ya mzunguko. Tabaka jembamba la tope jeusi humo ni la kawaida. Kikombe kilichojaa tope gumu chenye vipande vinavyong'aa kinaeleza maisha ya injini ambayo oili yake haikubadilishwa, na hapo beringi za krenki nazo zitiliwe shaka.

Kasha la injini linakaguliwa mwisho wa hatua hii kwa sababu ndilo la fungu la pili. Nyuma ya sproketi ya mbele, mnyororo uliokatika safarini hupiga kasha na kulipasua. Bolti ya kumwagia oili iliyofungwa kwa utepe au gundi inaonesha meno yaliyolika. Vichwa vya bolti vilivyoviringika na skrubu zilizochongwa kwa tindo ni alama za mikono iliyopita bila spana sahihi, na mikono hiyo huenda ilifika ndani pia.

Umeme una mtego mmoja. CG125 za mwanzo zilitumia volti 6 na platini, wakati bodaboda za leo ni volti 12 na CDI. Balbu na betri za volti 6 ni adimu, hivyo wapo wanaohamishia mfumo wa Kichina. Kwa anayetaka pikipiki irudi ilivyotoka kiwandani, swali ni kama magneti na koili za asili bado zimo, hata kama hazifanyi kazi.

Urahisi huu wa vipuri hauhusu kila pikipiki ya zamani. Yamaha AG100, Yamaha DT125 au Suzuki A100, zinazochoma oili pamoja na petroli, hazikuacha wajukuu kwenye kijiwe cha bodaboda. Sili za krenki hukauka zikilala, hewa inavuja, na mchanganyiko unakuwa mwembamba hadi pistoni inaungua. Kwa hizo, injini iliyokwama inahama kutoka fungu la kwanza kwenda la pili, na mnunuzi anapaswa kujua pistoni itatoka wapi kabla hajatoa shilingi moja.

Swali la mwisho kwa mwenye pikipiki ni fupi: ilisimama kwa nini? Jibu la kwamba ilikosa tairi, au kwamba mwenyewe alihamishwa kituo cha kazi, linaeleza mashine iliyoachwa ikiwa nzima. Jibu la kwamba ilianza kutoa moshi na kugonga linaeleza mashine iliyokwenda hadi ikashindwa. Majibu hayo yanalinganishwa na yale ambayo kamba, tochi na kidole vimekwisha kusema.

Bei inatokana na hesabu ya wazi. Mnunuzi anaandika kila kipuri cha fungu la kwanza kinachohitajika, anauliza bei zake dukani siku hiyohiyo, anajumlisha na ujira wa fundi, kisha anaitoa jumla hiyo kwenye thamani ya pikipiki ikiwa imekamilika. Kipuri cha zamani kinabebwa mkononi hadi dukani na kulinganishwa, kwa kuwa nakala hazifanani zote. Wakikubaliana, mkataba wa mauziano unaandikwa mbele ya mashahidi, TIN za pande zote mbili zinawekwa, na uhamisho wa kadi unaanza kabla spana haijafungua bolti ya kwanza. Pikipiki yenyewe isiendeshwe kutoka hapo, hata kama imewaka: tairi zilizopasuka kwa jua na viatu vya breki vilivyoganda kwenye habu havifai kwenye barabara kuu yenye malori. Ipakiwe kwenye pikipiki ya magurudumu matatu, ifungwe kamba, ipelekwe kwa fundi.