Kutu ya Kununua

Gesti moja ya Makambako, hatua chache kutoka barabara kuu ya kwenda Mbeya, ina ukuta wa mapokezi unaong'aa kama sufuria mpya ya shaba. Niliuona saa moja usiku, nimeshuka kwenye basi la kutoka Dar es Salaam na gari la mwisho la Njombe limeshaondoka. Nikisubiri ufunguo, niliuegemea. Karibu na swichi ya taa kulikuwa na mkwaruzo, labda wa kona ya sanduku la mgeni, na ndani ya mkwaruzo ule kulikuwa na weupe. Shaba yote ile ilikuwa karatasi iliyochapwa rangi na kubandikwa juu ya plastiki.

Nilicheka kimoyomoyo, kwa kiburi. Ndani ya begi langu kulikuwa na kibao cha sampuli nilichokuwa nampelekea shangazi, na hicho hakikuwa picha ya chuma. Kilikuwa chuma.

Nikieleze kibao hicho, maana ugomvi wote ulianzia pale. Siku hizi unaweza kupaka chuma ukutani bila tanuru. Unga laini wa chuma, wa shaba au wa zinki unachanganywa na gundi ya maji, kisha mchanganyiko unapakwa au kupulizwa juu ya mbao, jipsamu au plasta. Ukikauka, unapigwa msasa. Msasa ndio kazi yenyewe: unaondoa utando wa gundi wa juu, chembe za chuma zinatokeza, na ukuta unaanza kung'aa. Na kwa kuwa chembe zimebaki wazi, zinafanya yale ambayo metali yake hufanya. Shaba inafifia, ikikutana na chumvi na asidi inaota ukijani. Chuma kinashika kutu. Ukiona imefika rangi unayoipenda, unaifunga kwa nta au vanishi.

Mimi nilikipa kibao changu siki na chumvi kwa siku mbili. Kilitoka na rangi ya udongo wa Njombe baada ya mvua. Nilikipenda sana.

Shangazi ndiye aliyenilea. Nyumba yake mpya, iliyojengwa kwa viazi na parachichi, ilikuwa imebakiza umaliziaji wa sebule, na wageni wa mahari ya binti yake walikuwa wanakuja baada ya miezi miwili. Kwa kuwa mimi ndiye niliyesoma mambo ya nyumba, alinipa ukuta mmoja, ule ambao wageni wangekaa wakiutazama. Kesho yake asubuhi nilimaliza kilomita zile sitini za kupanda, nikampa shikamoo, na kabla hata chai haijamiminwa nikatoa kibao.

Alikipeleka dirishani. Akapitisha kidole, akakitazama kidole.

"Hii ni kutu."

"Ndiyo, shangazi. Ni chuma halisi."

"Sijakuuliza chuma. Shilingi ngapi?"

Nikamtajia bei ya mita moja ya mraba. Alikiweka kibao mezani taratibu, kama mtu anayerudisha bidhaa dukani.

"Kutu nimeishi nayo miaka thelathini, mwanangu. Bure."

Hapo nilikumbuka nyumba ya zamani, na nikaona aibu kwamba nilihitaji kukumbushwa. Tuliishi chini ya mabati. Bati ndilo umaliziaji wa metali ulioenea kuliko wote katika nchi hii: chuma kilichochovywa ndani ya zinki iliyoyeyushwa. Likiwa jipya lina michoro kama ya sakitu ya alfajiri ya Julai. Zinki ile haikai pale kama pambo tu. Inaliwa yenyewe kwanza ili chuma kisiliwe, hata bati likikwaruzika. Ikiisha, zamu ya chuma inafika.

Kwetu ilikuwa imeisha. Njombe iko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na usiku wa Juni mvuke wa pumzi zetu uligusa bati la baridi ukawa matone. Matone yalidondoka yakiwa na rangi ya chai. Yaliangukia kitanda, madaftari na shati langu jeupe la shule. Jumapili jioni shangazi alilisugua shati lile kwa limau na chumvi mpaka vidole vyake vikachubuka. Chumvi na asidi: kwa vitu vile vile alivyoondolea kutu, mimi nilitengenezea kutu ya kuuza.

Najua nilikojifunza kupenda kutu. Kwenye picha za usanifu jengo moja hurudi tena na tena: makao makuu ya kampuni ya John Deere huko Moline, Illinois, yaliyochorwa na Eero Saarinen na kukamilika mwaka 1964. Saarinen aliyajenga kwa aina ya chuma ambacho kutu yake ya kwanza inashikana na kuwa ngozi inayokilinda. Jengo ni zuri, sitalikana. Lakini kampuni ile inauza matrekta na majembe ya kukokotwa, yaani vyombo ambavyo mkulima hufuta, hupaka grisi na kufunika ili visishike kutu. Ofisini kutu ni pambo. Shambani ni hasara. Nilitazama picha hizo miaka mingi bila kujiuliza swali hilo, mimi mtoto wa mkulima.

Na Njombe si mahali ambapo chuma kimeingia juzi. Huko Ludewa, ambako serikali inazungumzia madini ya chuma ya Liganga, Wapangwa walikuwa wakiyeyusha chuma kwa matanuru ya udongo, mkaa na mivuo. Mtafiti Randi Barndon, katika kitabu chake cha mwaka 2004 kuhusu Wapangwa na Wafipa, anaonyesha jinsi kazi ile ilivyofungamana na fikra za ndoa na uzazi. Na majembe yalikuwa mali ya kuolea. Sidhani kama mkwe yeyote aliyepelekewa jembe lenye kutu angesifu rangi yake.

Je, basi ukuta wa plastiki wa Makambako umeshinda? Nimejaribu kuutetea nikashindwa. Naelewa kwa nini unapendwa: unafutwa kwa kitambaa, haudondoshi kitu, na anayefuta ni binti wa usafi ambaye tayari ana vyumba kumi na viwili. Tatizo ni ule mkwaruzo. Hausuguliki ukapona. Kila mgeni atauona, utapanuka, na siku moja ukuta mzima utang'olewa na kutupwa jalalani. Tabaka la shaba likikwaruzika, chini yake ni shaba.

Kwa hiyo nimebadilisha kipimo changu. Zamani niliingia ndani ya chumba nikiuliza kama metali ni ya kweli. Sasa nauliza swali la pili pia: nani atakayeisugua, na je, aliulizwa? Plastiki ya gesti inaanguka kwenye swali la kwanza. Kibao changu kilifaulu la kwanza kwa mbwembwe, kikaanguka la pili.

Mwishowe shangazi aliupaka ukuta wake rangi ya mafuta, ya maziwa, bila kuniuliza. Lakini alinipa fremu ya mlango wa mbele. Alichagua shaba ya njano, ile iliyochanganywa na zinki, na hakutaka vanishi.

"Ikififia?"

"Unaisugua, shangazi. Polepole, tabaka ni jembamba."

"Kwa kitu gani?"

"Limau na chumvi."

Alinitazama kwa muda, kisha akacheka mpaka akaketi.

Wageni wa mahari walikuja. Mshenga wao, mzee mrefu, alishika fremu alipokuwa anavua viatu, akaigonga kwa kucha, akaigonga tena, ndipo akaingia. Hakuna aliyesema chochote kuhusu ukuta.

Miezi mitatu baadaye shangazi alinipigia simu. Fremu inang'aa pale mikono inaposhika, alisema, lakini juu imeanza kuwa nyeusi. Asugue au aache? Nilikuwa na jibu refu kuhusu uzuri wa shaba inayozeeka. Nikamwambia nyumba ni yake.

Niliporudi Desemba nilikuta amesugua upande mmoja tu, wa kulia, ule unaoonekana kutoka barabarani. Wa kushoto ameuacha. Kibao changu cha kutu kilikuwa nyuma ya nyumba, kimefunika pipa la maji ya mvua, na juu yake kuna jiwe.