Pilipili nzima katika mchuzi wa mbasa

Mpishi hodari wa Mbamba Bay hakati pilipili kichaa. Anaichukua nzima, na kikonyo chake, anailaza juu ya mchuzi wa nyanya samaki akishaanza kuiva, na kuanzia hapo mwiko haugusi sufuria. Anashika masikio ya sufuria kwa kitambaa na kuitikisa taratibu, mbasa asivunjike na pilipili isipasuke. Harufu yote inaingia mchuzini, ukali mwingi unabaki ndani ya ganda, kwenye ule utando mweupe ulioshika mbegu. Mwisho anaiopoa. Watoto wanapakuliwa kwanza. Anayetaka kuwashwa anawekewa pilipili pembeni mwa sahani aibonyeze mwenyewe.

Kinachowasha ni kapsaisini. Mwaka 1997 David Julius na wenzake huko California walitambua TRPV1, kipokezi cha kwenye neva kinachohisi kapsaisini na joto kali vilevile, na mwaka 2021 Julius akapata Tuzo ya Nobel pamoja na Ardem Patapoutian. Neva za namna hiyo haziishii ulimini. Zimetandaa hadi kwenye kuta za utumbo, na huko hazina kazi ya kupeleka habari za maumivu ubongoni tu: ncha zake hutoa kemikali papo hapo. Mojawapo, dutu P, hufanya mishipa midogo ya damu ivuje na kuziamsha chembe za kinga, na hapo mchochota hukolea. Nyingine, CGRP, inaweza kufanya kinyume chake na kuukinga utumbo.

Hilo la pili lilionyeshwa vizuri mwaka 2022 na Daping Yang, Isaac Chiu na wenzao wa Harvard, na kazi yao naihusudu kama ninavyomhusudu yule mpishi. Waliwaondolea panya neva za maumivu, wakapima ute unaofunika utumbo: umepungua. Wakazichochea neva hizo kwa panya wengine: ute umeongezeka. Wakawapa kapsaisini, ukaongezeka tena. Hawakuridhika. Wakafuatilia mpaka kwenye seli zinazotengeneza ute, wakakuta zina kipokezi cha CGRP, yaani neva huziamuru moja kwa moja. Panya waliokosa neva hizo, wakitiwa mchochota wa utumbo mpana, utumbo wao uliharibika kuliko wa wenzao. Swali moja limeulizwa kwa kuondoa, kwa kuongeza, na kwa kulifuata hadi mlangoni pa seli. Huo ndio ufundi.

Hayo ni ya panya, na mwenye tumbo bovu asiyageuze dawa. Lakini yamebadili namna ninavyoyaelewa maumivu ya tumbo. Tumezoea kutaka yanyamazishwe haraka, kumbe neva inayouma huenda ndiyo hiyo hiyo inayoagiza ute uje. Daktari anayetafuta dawa ya kuituliza inambidi ajue kwanza ni kazi gani nyingine anaisimamisha.