Luis Tiant, mrushaji aliyempa mpigaji mgongo

Mtoto wa Masasi au Newala anayelenga embe kwa jiwe habandui jicho kwenye tunda mpaka jiwe limtoke mkononi. Luis Tiant, mzaliwa wa Marianao, Cuba, aliyerusha mpira katika ligi kuu za besiboli Marekani kwa misimu 19, alifanya kinyume. Katikati ya kurusha alimgeuzia mpigaji mgongo, uso ukaelekea nyuma ya uwanja, pengine ukatazama juu mbinguni.

Hapo ndipo penye utaalamu. Kati ya mrushaji na mpigaji kuna mita 18.44, na mpira wa kilomita 145 kwa saa huzimaliza kwa takribani sekunde 0.4. Mpigaji akingoja mpira uwe njiani, amechelewa. Lazima ausome ungali mkononi. Tiant aliuficha nyuma ya kiwiliwili, kisha ukachomoza ghafla: mara juu ya bega, mara pembeni kidogo, mara ubavuni kabisa.

Mgeuko huo aliuanza mwaka 1968 akiwa na timu ya Cleveland, akashinda michezo 21 kwa wastani wa 1.60, yaani mikimbio isiyofika miwili kwa kila awamu tisa. Wengi huutaja msimu huo kuwa kilele chake. Mimi nauweka juu ule wa 1972. Mwaka 1968 warushaji karibu wote walitamba, hata mwaka uliofuata kilima wanachorushia kikashushwa kutoka sentimita 38 hadi 25. Tena Tiant wa 1968 alikuwa na bega zima. Mwaka 1970, akiwa Minnesota, mfupa wa bega ulivunjika. Mwaka uliofuata akaachwa. Boston wakamchukua, na huko akauzidisha ule mgeuko, hila ikaziba pengo la kasi iliyopungua. Wastani wa 1972 ulikuwa 1.91, bora kuliko wote katika Ligi ya Amerika.

Fainali ya 1975 dhidi ya Cincinnati ilimpima kikweli. Mchezo wa kwanza hakuruhusu mkimbio hata mmoja, 6-0. Wa nne alikuwa amechoka, akaruhusu minne, lakini alirusha mipira zaidi ya 150 bila kubadilishwa. Awamu ya tisa, Boston wakiongoza 5-4 na wapinzani wawili wakiwa kwenye vituo, akaja Joe Morgan, mpigaji hatari. Tiant akageuka, akarusha; Morgan akaupaisha tu juu, ukadakwa, mchezo ukaisha.