Namna ya Kuipima Prufu Iliyosomwa Vizuri

Kusoma prufu ni hatua ya mwisho kabla ya andiko kwenda mitamboni. Mhariri amekwishanyoosha hoja na sentensi. Msomaji prufu husaka makosa yaliyosalia, pamoja na yale yaliyozaliwa wakati wa kupanga kurasa. Asiye na ajira anaweza kuianza kazi hii akiwa na kalamu, kamusi na muda. Wenye tasnifu, vitabu vya shule na vipeperushi watampima kwa ukurasa anaourudisha, basi heri ajifunze kuupima mwenyewe mapema.

Ubora huonekana kwanza katika makosa ambayo kompyuta haiyaoni. Neno lililokosewa likageuka neno jingine halali hupita salama: "dhana" mahali pa "zana", "samani" mahali pa "thamani", "kula" mahali pa "kura". Ripoti inayosema wananchi walijitokeza kupiga kula huifedhehesha taasisi nzima. Upatanisho wa kisarufi nao hupotea sentensi inaporefuka. Katika "Taarifa za mkutano wa wazazi uliofanyika shuleni ilitolewa jana", stadi hurudi hadi kwenye nomino na kuandika "zilitolewa".

Mwisho wa mstari pia hufichua mengi. Silabi ya Kiswahili kwa kawaida huishia kwenye irabu, kwa hiyo "nyumba" hukatwa "nyu-mba". Likikatwa "nyum-ba", programu imefuata kanuni za lugha nyingine na hakuna aliyeirekebisha. Vichwa vya habari, maelezo ya picha na namba za kurasa katika yaliyomo vinahitaji kupitiwa peke yake, kwa sababu jicho huviamini upesi mno.

Andiko linaloanza na "tarakilishi" na kuishia na "kompyuta" halina kosa la tahajia, ila linamchosha msomaji. Msomaji prufu makini huandika kwenye karatasi ya pembeni kila uamuzi kuhusu neno la kutumia, kisha huufuata hadi ukurasa wa mwisho.

Lakini sifa iliyo adimu kuliko zote ni kujizuia. Mhusika wa riwaya anayezungumza Kimvita na kusema "ndia" aachwe na "ndia" yake. Kumbadilishia iwe "njia" ni kumnyang'anya mwandishi kazi. Prufu iliyojaa visawe vipya na sentensi zilizopambwa upya inaonyesha mtu asiyejua mpaka wake. Penye shaka, huulizwa swali pambizoni. Mkutano wa kijiji uliopangwa "saa 8 usiku" huenda umetafsiriwa kutoka Kiingereza na ulikusudiwa saa 2 usiku. Msomaji prufu hana haki ya kukisia. Mwenye andiko ndiye ajibu, na swali hilo moja laweza kuwaokoa watu wengi na safari ya bure.

Anayeanza hujijaribu kwa kuusoma ukurasa uleule mara mbili, usiku mmoja ukipita katikati, mara ya pili kwa sauti. Makosa yanayojitokeza katika usomaji wa pili ndiyo udhaifu wake: kwa mmoja ni alama za uakifishi, kwa mwingine ni r na l. Kurasa chache za majaribio zisomwe pia kabla ya kupatana malipo, kwa kuwa ukurasa safi na ukurasa mchafu hazilingani kwa muda. Kazi inaporudishwa, orodha ya maswali na karatasi ya maamuzi huambatanishwa na prufu.